Chai ya Chumvi Nyumbani kwa Mama Kristina

Tumsifu Yesu Kristo! Ah, ndugu zangu, hiyo "milele amina" ni ya watu wenye usingizi. Tumsifu Yesu Kristo! Haya, sasa mmeamka.

Mimi ni Mama Kristina. Nimezaliwa Idodi, kule Iringa, nikaolewa huku Mbeya, na pale soko la Mwanjelwa nauza viazi. Ni Mhehe wa maneno mengi. Ukija kununua kwangu unaondoka na viazi pamoja na habari za mtaa mzima. Sasa fikirini mtu wa namna hiyo ananyamaza!

Nilinyamaza, ndugu zangu. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyenikosea. Naamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala. Chakula hakina ladha, nyimbo zinaniudhi, mwanangu akiniita nasikia kama yuko mbali. Nikaacha kwenda sokoni, viazi vikachipua stoo. Baba Kristina, Mungu ambariki, akaninunulia dawa ya malaria, kisha ya taifodi, kisha ya minyoo! Wengine wakasema nimerogwa. Wengine wakasema sisali vya kutosha. Nami niliwaamini wote. Nikafika mahali pa kuwaza kwamba nyumba yangu ingepumua kama mimi nisingekuwepo. Nalisema hili kanisani bila aibu, maana humu ndani huenda yupo anayeliwaza leo.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilitoka kwa watu wema. Mnajua jumuiya yetu inasali kila Jumamosi nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Zamu yangu ilipofika, wakaniruka. Wakasema wananipumzisha. Nikawa kitandani nawasikia wanaimba kwa jirani, nikasema basi, hata kwa Mungu nimeshafutwa.

Aliyekataa ni Mama Ndahani, yule Mgogo, mtani wangu. Akamwambia mwenyekiti wa jumuiya zamu ya Mhehe irudishwe, na kama Mhehe ameficha mbwa kwenye sufuria (si mnajua Wagogo wanavyotutania kwamba tunakula mbwa!), watamkuta huko huko. Basi Jumamosi iliyofuata wakaja, nyumba ikajaa. Nami nikajikongoja hadi jikoni, nikachemsha chai kwa mikono yangu, nikatia sukari, nikakoroga.

Haikuwa sukari! Ilikuwa chumvi, tena ya kutosha maharage ya msiba mzima.

Ndugu zangu, watu wakainywa! Katekista akanywa. Mwenyekiti akanywa, akasema, "Asante mama, chai nzuri." Kila mtu ananitazama kwa huruma, anameza, macho yanamtoka. Waliogopa kuniumiza. Ni Mama Ndahani peke yake aliyepiga funda moja, akakimbilia mlangoni, akatema uani.

"We Mhehe! Unataka kutuua wote? Chai gani hii, ya kunyweshea ng'ombe?"

Watu wameinamisha vichwa. Halafu nikasikia sauti: "Na wewe Mgogo, umekuja kuombaomba chai ya watu, halafu unachagua ladha?"

Ilikuwa sauti yangu! Baba Kristina akaruka kutoka kwenye kiti. "Amejibu! Jamani, mke wangu amejibu!" Watu wakacheka mpaka katekista akajifuta machozi. Nami nikacheka, kisha nikalia kweli kweli, nikasema mbele yao wote, "Jamani, naumwa. Sijui naumwa nini, lakini naumwa. Nisaidieni."

Mama Ndahani akanikumbatia. "Hilo ndilo tulilokuwa tunalisubiri, dada. Jumatatu tunaenda wote hospitali."

Tukaenda. Muuguzi akanieleza kwamba naumwa sonona, kwamba ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na unatibika. Nikapewa vidonge na mtu wa kuongea naye. Lakini nilikuwa na hofu, nikamwuliza Padre alipokuja kunipa Mpako wa Wagonjwa: Je, nikimeza vidonge si nimekosa imani? Akacheka. "Mama, Mungu havionei wivu vidonge. Meza, kisha sali."

Sikupona kwa siku moja. Kila asubuhi Mama Ndahani alisimama dirishani kwangu akipaza sauti, "Mhehe, umemeza?" Mtaa mzima ukajua ratiba yangu! Taratibu nikaanza kusikia harufu ya mvua, nikatamani ugali, siku moja nikajikuta naimba huku namenya viazi. Mungu angeweza kunitumia malaika. Akanitumia Mgogo! Nani kama Yeye?

Leo niko sokoni, tena nina kelele kuliko zamani. Mimi na mtani wangu, pamoja na wenzetu wa parokia, tunazitembelea nyumba zenye wagonjwa wa akili. Tunasali nao, tunataniana nao, tunawasindikiza kliniki.

Ndugu zangu, wewe unayeumwa ndani kwa ndani, mtumaini Mungu, ufungue mdomo. Mimi nilipofungua wangu, nilikuta ameshanijazia sebule watu wa kunisaidia. Na ninyi wazima, kama kuna nyumba mmeiruka, rudini wiki hii. Kaeni, imbeni. Na mwenye nyumba akiwapa chai ya chumvi, msiinywe kimya kimya kwa kumhurumia. Mwambieni ina chumvi, kisha msubirini ajibu.