Unga wa Kanja: Maisha ya Celina Kaari Nyamu, 1963–2025

Maneno haya ni ya mume wake, Stephen Nyamu. Yameandikwa na kusomwa na binti yao, Kawira.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 27 Agosti 2025, ilikuwa ya kawaida hapa nyumbani Siakago. Mzee Nyamu alikuwa anafungulia mbuzi. Marehemu alikuwa ameketi nje ya jikoni, mikono ya sweta ameikunja mpaka viwikoni, jua linampiga. Uji wake ulikuwa mwepesi kama maji, kwa sababu koo lilikuwa limeanza kufunga. Akamwambia mume wake avue kofia.

"Baba Kathuri, hilo jua si la mbuzi peke yao."

"Hiki kichwa kimechomwa na jua miaka sabini. Kama ni vitamini, imejaa mpaka inamwagika."

Alicheka, kisha akakohoa. Akauliza kama simu imelia, maana alikuwa anangoja majibu ya damu ya watoto wa Kanja kutoka maabara. Mzee akasema haijalia. "Ikilia tunaenda Kanja kwanza," marehemu akasema. "Kila kitu kingine kitangoja. Nilitoa ahadi." Kabla jua halijapanda sana alishindwa kumeza hata maji, akapelekwa hospitali Embu. Kanja hakufika tena.

Celina Kaari alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Nchiru, Meru, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mutegi na marehemu Mama Karambu. Wakati huo Nchiru ilikuwa mtama na mbuzi, haikuwa na hosteli za wanafunzi wala vibanda vya chipsi. Akiwa mdogo alimuuliza mama yake kwa nini uji uliokaa ukachacha hauumizi tumbo. Mama yake akamjibu, "Uji umeumwa kwanza wenyewe, ndiyo wewe usiumwe." Watoto wengine wangenyamaza. Yeye aliuliza, "Nani ameangalia?" Alipigwa mwiko.

Alisoma shule ya msingi hapo Nchiru, akamaliza sekondari mwaka 1981. Mwaka 1983 aliingia chuo cha afya Nairobi kusomea lishe, akamaliza 1986. Hakuacha shule hapo. Alipata digrii ya kwanza mwaka 2009 na ya pili mwaka 2014, watoto wake wakiwa tayari watu wazima. Mwaka 2017 alianza ile ya udaktari wa vitabu katika chuo kikuu kule kwao Nchiru. Mume wake hakuingia darasani hata siku moja. Kwenye mahafali yote alivaa suti ile ile. Watu walimuuliza kama haoni haya mke kumpita. Alisema mbuzi wake pia wana mbio kuliko yeye, na jioni wote wanarudi boma moja.

Walikutana mwaka 1984, mwaka wa njaa. Marehemu alikuwa bado mwanafunzi, ametumwa Siakago kupima uzito wa watoto. Mizani ilitundikwa kwenye boriti ya zizi la Nyamu, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa na mti mgumu. Kazi ilipoisha, Nyamu alileta mwana-mbuzi.

"Huyu pia apimwe."

"Mimi napima watoto wa watu."

"Na huyu hana mama?"

Alimpima. Akasema amekonda, na mwenye mbuzi pia amekonda, wote wawili wapewe chakula. Mzee Mutegi alikataa ndoa hiyo mwanzoni. Alisema, "Nimekupeleka chuo Nairobi ndiyo unirudishie mtu wa mbuzi, tena wa Mbeere?" Marehemu akamwambia, "Baba, maziwa unayokunywa yanatoka kwa mwalimu?" Walifunga ndoa kanisani Siakago tarehe 12 Desemba 1987. Mungu akawapa Kathuri na Kawira.

Aliajiriwa kama ofisa wa lishe mwaka 1987, akafanya kazi Embu mjini na hapa Siakago mpaka alipostaafu mwaka 2023. Wengi mliokaa hapa mlipimwa naye, mkagombezwa naye. Aligombeza bila kupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni ya Kanja. Kule juu kwenye mashamba ya chai kuna ukungu mwezi wa sita mpaka wa nane, na watoto wadogo hufungwa nguo mpaka macho. Mwili hutengeneza vitamini D ngozi ikipigwa na jua, na bila hiyo mifupa ya mtoto hulegea. Marehemu alitaka kujua mambo mawili: unga wa wimbi ukitiwa vitamini D, je, itafika kwenye damu ya mtoto? Na uji huo ukichachishwa kabla ya kupikwa, je, tumbo litatulia, kuhara kupungue? Watu wa Siakago walimcheka. Walimwambia, "Jua tunalo la kuuza, mwalimu, wapelekee hao wa Kanja gunia." Watoto wa Kanja nao walimwita Mama Choo, kwa sababu alikusanya choo chao kwenye vikopo. Aliitika.

Haikuwa rahisi kupewa damu. Kwenye mkutano wa kwanza, mwaka 2019, mama mmoja aitwaye Marigu alisimama akasema:

"Wewe si wa kwanza. Wengine walikuja na sindano, wakachukua damu, wakaenda. Hata kwaheri hatujapata. Hiyo damu ilisema nini?"

Marehemu hakuwasemea hao wengine. Alisema, "Hii itasema kwenu kwanza. Kabla ya mtu wa chuo, kabla ya mtu wa serikali. Nitakuja niwaambie." Marigu akasema, "Hata kama ni mbaya?" Akasema, "Hata kama ni mbaya." Ndipo Marigu akaleta mtoto wake.

Nyumba ziligawanywa. Hii ilipata unga wenye vitamini, na uji wake uchachishwe. Ile ya jirani ilipata unga wa kawaida, upikwe hivyo hivyo. Kazi ilienda miezi mingi. Siku moja marehemu alipitia kwa Marigu bila kumwambia, akamkuta yeye na jirani yake Igoki wametoka kuchuma majani chai, chungu kimoja kiko motoni, watoto wa nyumba zote mbili wanangoja na vikombe.

"Marigu, huu ni unga gani?"

"Ni wetu."

"Wenu na nani?"

"Wangu na wa Igoki. Tumechanganya."

"Si niliwaambia kila mtu apike wake?"

Igoki ndiye alijibu. "Mwalimu, uliniambia. Lakini mtoto wangu asimame hapo aangalie wa Marigu akikunywa? Mimi nitamwambia nini? Kwamba yeye ni wa kundi la pili?"

Marehemu alikaa chini. Walimpa kikombe, akanywa. Halafu alienda nyumba kwa nyumba akiuliza, na karibu zote zilikuwa zimechanganya. Kule, mtoto akikuta uji jikoni, uji ni wake pia. Hata hapa ni hivyo. Marehemu mwenyewe alilelewa hivyo, na bado alisahau.

Mwenzake katika utafiti, Oscar, ambaye yuko hapa leo na amekubali isemwe, alimwambia, "Madam, tutoe hizo nyumba mbili ulizoziona. Hizo zingine hatujaona kwa macho." Marehemu alisema, "Mimi nimeuliza na nimejibiwa. Hayo ni macho." Alienda Nchiru akawaambia wakubwa wake kwamba utafiti umeharibika. Wakamwambia aanze upya, au aache. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Alirudi nyumbani, akachambua ndengu mchana kutwa. Jioni akasema, "Hawa watu hawawezi kuacha kugawana, na mimi sitaki waache. Mimi ndiye nibadilike."

Mara ya pili, mwaka 2022, hakugawanya nyumba. Aligawanya vilima. Kilima hiki chote unga huu, kilima kile chote unga ule, na mto katikati. Wagawane watakavyo. Vilitafutwa vilima vingi vya kutosha, na kazi ilichukua miaka mitatu. Mzee Nyamu alienda naye mara chache, akabeba magunia. Aliona baridi ya huko. Hakutaka kurudi, lakini alirudi.

Mwezi Mei mwaka huu, daktari alisema ni saratani ya koo. Alitibiwa Meru na Embu. Siku hizi za msiba, mtu alimuuliza Mzee Nyamu hapa nyumbani, "Huyu aliyejua chakula chote, mbona amekufa na koo?" Aliuliza kwa uzuri, hana ubaya. Mzee anajibu hapa ili wote wasikie. Marehemu aliweka watoto kwenye mizani miaka thelathini na sita, na hakuna siku alisema chakula kinazuia kifo. Alisema mtoto ale.

Tarehe 5 Septemba Oscar alifika hospitalini na majibu. Alikuwa amesimama mlangoni kama mtu aliyevunja kitu. Marehemu alimwambia asome yote, asiruke. Oscar akasoma. Alipomaliza akasema, "Madam, nitayatuma Nchiru leo. Chuo kinangoja."

Sauti ya marehemu ilikuwa ndogo sana, lakini Mzee alikuwa karibu na kitanda. Alisema, "Chuo hakikutoa damu."

Oscar akayarudisha kwenye mkoba. Hajayatuma mpaka leo.

Siku ya tatu baada ya hapo, mchana, marehemu alijua hatafika Kanja. Alimwita mume wake, akampa maneno ya kuwapelekea kina mama. Mzee Nyamu hasomi, kwa hivyo alimfanya ayarudie. Alipokosea alimsahihisha kwa kidole, kama anavyomsahihisha mtoto. Mzee alipendekeza aongeze neno zuri kidogo mwishoni, watu watakuwa wanalia. Marehemu alikataa. Alifariki siku iliyofuata, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, alfajiri. Alikuwa na miaka sitini na miwili.

Ameacha mume wake, Stephen Nyamu, watoto wake, Kathuri na mkewe Gatwiri, na Kawira, wajukuu wanne, kaka yake Gikunda wa Nchiru na dada zake wawili, na watoto wa Kanja, ambao si wa damu yake ingawa aliijua damu yao.

Mungu amempumzisha, na amani iwe yake. Kazi yote ameimaliza isipokuwa moja, na hiyo inamalizwa sasa. Marigu, Igoki na kina mama wote wa Kanja, mmekodi gari kutoka asubuhi mkaja. Mtu wa chuo bado hajaambiwa. Mtu wa serikali bado hajaambiwa. Haya ni maneno yake, hakuna lililoongezwa:

"Waambie vitamini D ilipanda kwa damu ya watoto, hiyo ni kweli na nimefurahi. Kwa tumbo uji haukubadilisha kitu, walihara sawa na wale wengine, na mimi ndiye nilidhani vibaya. Wasiseme ulisaidia tumbo ati kwa sababu nimekufa."