Miiba ya Daraja la Shika Adabu

Feri ilipoacha gati la kisiwani, Mwalimu Nassor, aliyefunzwa katika shule ya bweni kwamba asiyetoka jasho asile, alimkazia macho kijana aliyevaa fulana ya kikundi cha kujitolea, isiyo na doa hata moja. Kijana alikuwa akimwonyesha mama mwenye kapu la mchicha picha za simu. "Masika yamekwisha, mama. Tumesafisha njia yote ya matembezi, kutoka mtaa wa Shika Adabu, kule Likoni, hadi kwenye mikoko."

"Na ile miiba ya darajani?"

"Tuliichoma moto. Ilikuwa imezagaa njiani."

"Imezagaa!" Mama aliguna. "Mwanangu, miiba ile niliilaza mimi. Mbao za daraja zimeoza, na kwetu tawi la miiba likilazwa njiani, hata mlevi hurudi. Baba yangu haoni, hupapasa kwa fimbo. Jana fimbo haikukuta miiba, akatumbukia matopeni hadi kiunoni."

"Pole sana, mama. Lakini daraja si kazi yetu. Sisi ni usafi tu."

Usafi wa kupigia picha, Mwalimu alisema moyoni. Bwenini kwao, mfagiaji wa namna hiyo angefagia tena hadi magharibi.

"Basi tukishuka twende sote," mama alisema. "Utangulie wewe kulivuka, nami nikutazame."

Kijana aliinamia raba zake nyeupe. Feri ikagota Likoni, mlango ukashushwa. Mama akajitwika kapu lake, akasogea kando kwa adabu zote, akampisha kijana atangulie.