Ardith Moses, Aliyengoja Samoni Apite

Ndugu waombolezaji, majirani wa Alder Bend na wageni mliotoka pwani, kwa niaba ya familia naomba niwasomee maisha ya mama yetu, shangazi yangu na mpishi wa wengi wenu, Ardith Moses, na mnaotaka kucheka mcheke, kwa kuwa mwenyewe aliagiza hivyo, na agizo lake hakuna aliyewahi kulipinga akabaki salama.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 hapa Alder Bend, kando ya Mto Tallis, jimbo la Washington, akiwa mtoto wa nne wa mzee Cyrus George na mama Lavina, akalelewa zaidi na bibi yake, Agathe, ambaye kila vuli alihamia naye Mawe Meupe, kule juu mtoni, ambako ukoo wetu ulivua na kukausha samoni tangu enzi asizozikumbuka mtu.

Mwezi Septemba 1950 ukuta wa bwawa la umeme ulikamilika kati ya kijiji na Mawe Meupe, bila upenyo wowote wa kupitisha samaki, na samoni waliotoka baharini kwenda kutaga walikozaliwa wakafika pale, wakawa wanarukia zege, wanaanguka, wanarukia tena, na Bibi Agathe akamshika mjukuu wake mkono akamwambia atazame vizuri. Ardith alitazama, akalia, na jioni aliposogezewa sahani akasema mbele ya wajomba zake, "Mimi sili samoni mpaka apite." Wajomba walicheka wakashika mbavu, mmoja akamwambia, "Haya mama, utakula mawe." Upande wa chini wa ukuta samaki hawakuisha, kwa hiyo harusini, misibani na kila sikukuu sahani ilifika mbele yake, naye akaisukuma kwa jirani.

Alianza masomo hapa kijijini, kisha mwaka 1953 akapelekwa shule ya bweni ya mbali, ambako kuongea lugha yetu kulikuwa kosa la kuchapwa, akarudi mwaka 1957 na cheti cha upishi pamoja na lugha yetu nzima, kwa maelezo yake kwamba walimu walisahau kumpekua kichwani.

Tarehe 2 Septemba 1959 aliajiriwa kuwa mpishi wa shule yetu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Juni 2003, na kila Ijumaa alipika samoni ambaye yeye mwenyewe hakumwonja, badala yake alimwita mtoto mmoja kutoka kwenye foleni, akamkazia macho, akauliza, "Chumvi je?" na mtoto akajibu, "Iko sawa, Bibi," akapewa kipande cha pili. Waonjaji wake wamejaa ukumbi huu, nawaona mnavyotazamana.

Marehemu alifunga ndoa na Wendell Moses tarehe 12 Juni 1965, jambo lililotikisa ukoo, maana Wendell alikuwa fundi wa mitambo ya bwawa lile lile, na kaka yake Ardith alimuuliza waziwazi, "Wanaume wengine mto mzima wameisha?" Wendell akajitetea kwamba ukuta hakuujenga yeye, anashika funguo tu, na bibi harusi akadakia, "Vizuri, basi siku ya kuubomoa utatufungulia wewe." Watu walicheka, wageni wakala samoni, bibi harusi akala nyama ya kulungu.

Walijaliwa watoto watatu, Darrell, Yvette na Clinton, waliokulia katika nyumba isiyoingia samoni, na inasemekana baba yao alikuwa na makopo ya samoni kwenye kibanda cha mtumbwi, na siku aliponukia samaki alilala sebuleni. Mzee Wendell amekaa hapa mbele, akitaka kukanusha akanushe, ila watoto wote watatu wameshatoa ushahidi.

Pamoja na wenzake wengi, Ardith alihudhuria vikao vya kudai ukuta uondolewe, akiwa na kapu la samoni wa kuokwa kwa ajili ya maofisa, na mmoja alipomuuliza mbona yeye hali, alijibu, "Nasubiri wewe umalize kazi yako." Tarehe 16 Agosti 2014 wabomoaji walifika, na Wendell, aliyekwisha kustaafu, akavaa kofia yake ya kazini akafungua kufuli la lango, huku mkewe akimwambia, "Fungua, mume wangu, umechelewa kidogo tu."

Oktoba 2016 samoni wa kwanza alionekana Mawe Meupe, Clinton akanyanyua wavu kwa furaha, mama yake akamzaba kofi la mkono akisema, "Weka chini! Wa kwanza haliwi, huyo anawaongoza wenzake." Kisha baraza letu likafunga uvuvi mto mzima ili samaki waongezeke, na kwa kuwa figo za mama zilikuwa zimeanza kushindwa, likakubali avuliwe mmoja tu, nami niliyepeleka habari hiyo nikajibiwa, "Huyo atakuwa ameibwa, hajapita." Tuliogopa, ndugu zangu. Kila alipopelekwa hospitali kusafishwa damu tuliogopa kwamba ataondoka bila kuonja.

Tarehe 7 Oktoba 2023 uvuvi ulifunguliwa, tukampeleka Mawe Meupe kwa kiti cha magurudumu, Darrell akavua samoni mmoja, na Rhonda, mpishi wa shule wa sasa na mwonjaji wa zamani, akamwoka kwa kufuata mapishi ya mama bila kubadili kitu. Ardith alitia kipande mdomoni, akafumba macho, akatafuna taratibu, kisha akafumbua macho akasema, "Mbona chumvi imezidi? Rhonda, miaka yote ilikuwa hivi?"

Rhonda akainamisha kichwa. "Bibi, tuliogopa kunyimwa kipande cha pili."

Ardith alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanyoosha sahani, akasema, "Basi na mimi nipe cha pili."

Marehemu alifariki dunia asubuhi ya tarehe 19 Februari 2024, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Wendell, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba. Familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia, daktari wake ambaye aliposikia habari za chumvi aliuliza tu kama samaki alikuwa mtamu, majirani waliompeleka hospitali kwa magari yao hata kwenye theluji, wenzake wa jikoni, na wote waliosimama naye vikaoni.

Tukitoka makaburini mtakula samoni wa Mawe Meupe, chumvi imepunguzwa kwa agizo la marehemu, na kabla ya kupakua ataitwa mtoto mmoja aonje, na safari hii aseme ukweli.

Pumzika kwa amani, Ardith. Wamepita.