Ilikuwa Msiogope, Si Usiogope

Benchi la nje ya duka la Fundi Saa lina miguu mitatu na tofali moja. Asubuhi ile walilikalia watatu, birika la kahawa katikati: Fundi Saa mwenyewe, Kinyozi wa mlango wa pili, taulo begani, na mwalimu mstaafu waliyembandika jina la Nukta, kwa sababu husahihisha hata mabango ya ukutani. Mchana mke wa Fundi angefanyiwa upasuaji, katika hospitali ya mtaa wa pili. Tangu jana mke huyo alikuwa akitetemeka kwa hofu.

— Leo alfajiri nilikuwa dukani peke yangu, sijafungua hata mlango, Fundi alisema. Nimeinamia saa. Nikasikia sauti, kama ya mtu aliyesimama hapo ulipo: "Msiogope."

— Redio ya jirani hiyo, Kinyozi akasema.

— Jirani kahama mwezi jana.

— Basi ulisinzia, mzee wangu.

— Nimeshika kwa kibanio skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Wewe ungesinzia?

— Basi bati. Bati likipata joto huongea. La kwangu huniita kwa jina.

— Na unaitika?

— Siku za mwisho wa mwezi, hapana. Huenda ni mwenye nyumba.

Fundi hakucheka.

— Nimeshamtuma binti akamwambie mama yake. Sasa nahofia. Kama si kitu, nimempa mgonjwa hewa aishikilie.

Nukta akainua kidole.

— Ngoja. Ulisikia "u" au "m"?

— "M". Msiogope.

— Na mlikuwa wangapi?

— Mimi tu.

— Basi pana kosa la sarufi. Na Mungu hakosei sarufi.

— Labda aliziambia na saa, Kinyozi akadakia. Arobaini ukutani, zote zinaogopa bisibisi yako.

— Ndugu yangu, Nukta akasema kwa upole, kichwa kikichoka hujiambia kinachotaka kusikia. Huo si ushahidi.

— Kichwa changu kingeniambia mimi, Mwalimu. Kingesema usiogope. Saa ile sikuwa nikimuwaza hata mke wangu. Nilikuwa najihurumia mwenyewe.

Nukta akashusha kidole. Ndipo binti akatokea, anahema.

— Shikamooni. Baba, mama anauliza: ilikuwa saa ngapi?

— Kwani vipi?

— Hajasema. Nilipofika nilimkuta hatetemeki tena, hata kabla sijamwambia. Kanishika mkono. Kasema, kamuulize kwanza saa.

Wote wakachungulia mlangoni, kwenye saa za ukutani. Moja ilisema saa nane, nyingine saa mbili kasorobo, nyingine haikuwa na mishale.

— Hukuangalia? Kinyozi alinong'ona.

— Niangalie ipi? Zote wagonjwa.

Nukta alimwaga kahawa yake iliyopoa, akaingia dukani kuchukua funguo, akafunga mlango wa mwenzake.

— Nenda mwenyewe. Saa, mwambie hujui.

Fundi alikuwa keshavuka barabara, binti kamshika kiwiko, Nukta alipomwita tena:

— Lakini mwambie ilikuwa "m"!