Haroub Msellem na Mwangati Wake wa Chunguni

Bismillahi. Masheikh wetu, wazee, majirani wa Gombani, ndugu mliotoka Mtambile na Tumbe, na kina mama mlioko ndani ambao nimeambiwa mnanisikia vizuri kupitia madirishani, Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Khitma imekwisha, dua imeitikiwa, na familia imenipa mimi, Khatib Msellem Mmanga, mdogo wake marehemu, bwana afya mstaafu mnayenijua kwa kuingia nyuani mwenu na kumwaga maji ya mbu yaliyotuama katika vifuu vya nazi, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu. Nimeikubali kwa sababu tarehe za nyumba yetu ninazo mimi, na kwa sababu ndani ya maisha hayo mna kosa moja lililosemwa sivyo kwa miaka ishirini na miwili, na mtu wa kulisahihisha ni mimi, si mwengine.

Marehemu Haroub alizaliwa Mtambile, siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa mwanzo wa Mzee Msellem Mmanga, mkulima wa karafuu, na Bi Asya binti Ame, nami nikamfuata tarehe 2 Mei 1955, na baina yetu hakutokea mwengine aliyeishi, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, wa kugombana na kupatana. Alisoma Kurani chuoni hapo hapo kijijini, akaingia skuli mwaka 1958, akamaliza sekondari hapa Chake Chake mwaka 1969, na katika masomo yote alikuwa wa katikati, si wa mbele wala wa nyuma, na nalisema hili kwa sababu siku hizi kila maiti anayesomewa historia yake utasikia alikuwa wa kwanza darasani.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa Idara ya Misitu, akapangiwa kitalu cha miche, na hapo ndipo mkono wake ulipofunguka. Mwaka 1978 alipelekwa Bara kusomea misitu, miezi ya mwisho akafanyia kazi milima ya Lushoto, na katika ofisi moja ya huko palitundikwa kalenda ya Kijapani yenye picha za miti mizee iliyopandwa katika vyungu vifupi, mti wa miaka mia usiozidi urefu wa mkono, ambayo wenyewe huiita bonsai, naye akaitazama kalenda ile kila siku mpaka mwenye ofisi akachoka, akampa aondoke nayo. Tarehe 11 Novemba 1979, huko Shume, alikuta mwangati, mti wa milimani wenye harufu ambao kisiwani kwetu hauoti, umejibana katika ufa wa jiwe kando ya barabara iliyokuwa ikitanuliwa, shina nene kama kifundo cha mkono, kimo hakifiki goti. Akaomba ruhusa kwa msimamizi wake, akapewa, akauchimbua kutwa nzima kwa kisu na vidole, akaifunga mizizi pamoja na udongo wake ndani ya gunia bichi, akaja nao kwa basi mpaka Tanga na kwa meli mpaka Mkoani akiwa ameupakata, na begi lake la nguo likapotea njiani wala hakulitafuta.

Watu walisema mti wa baridi hautaishi kwa joto hili, lakini uliishi. Aliuweka penye upepo na kivuli cha nusu siku, akaupinda matawi kwa waya wa shaba aliouchuna kwenye nyaya mbovu za umeme, na kila miaka mitatu akaubadilisha chungu, akikata mizizi kidogo upande mmoja na kuuacha upande wa pili na udongo wake wa zamani, kwa sababu, alisema, mti haupendi kuhamishwa na kila kitu kwa siku moja. Baadaye akaongeza mikwaju ya maweni, ile iliyodumaa kwa kutafunwa na mbuzi miaka nenda miaka rudi, akimwomba kwanza mwenye eneo, mpaka uani kwake pakawa na miti kumi na mmoja. Wapo waliosema Haroub kafuga majini, kwani mti gani huo unaota ndevu haukui, na yeye akiwajibu kwamba jini gani angekubali kukaa kwenye chungu kidogo vile.

Tarehe 6 Juni 1981, huko Tumbe, marehemu alifunga ndoa na Bi Mize Jabir, ambaye leo yuko ndani amekaa eda, Mwenyezi Mungu ampe subira, na wakajaaliwa watoto watatu, Soud mwaka 1982, Shamima mwaka 1985 na Nahla mwaka 1990, na wajukuu saba. Bi Mize ndiye aliyesema maneno ambayo Gombani nzima inayajua, "Mie nimeolewa nikakuta wake wenza kumi na mmoja, na hata mmoja hanisaidii kukosha vyombo," na juu ya hivyo, marehemu akisafiri kikazi, ni yeye aliyewanywesha wake wenza hao maji.

Sasa nafika mwaka 2003, na hapa naomba mnisikilize. Tarehe 25 Januari marehemu na Bi Mize walisafiri kwenda kuhiji, wakaniachia mimi nyumba hii, na karatasi yenye maneno machache, mwagilia asubuhi, usiguse mizizi. Jamani, mimi ni bwana afya. Siku ya tisa nikaona maji ya chungu cha mwangati hayashuki, yamesimama juu, yametuama na katika sahani yake ya chini, na viluwiluwi vya mbu vinacheza, nikasema hili halikubaliki katika nyumba ya Alhaji. Nikaupindua chungu, nikakuta mizizi imevikwa ukungu mweupe, nyuzi nyuzi, nikajua mti unaumwa na mwenyewe hana habari, basi nikauosha udongo wote wa Shume, ndoo tatu za maji, na mswaki, mpaka mizizi ikawa safi kama muhogo uliomenywa, nikaujazia kinongo chekundu, udongo wa karafuu, nilichokichukua shambani kwetu Mtambile, kisha nikarudisha juu changarawe zake zile zile, ili asijue mpaka mti utakapostawi na mimi nipewe shukurani zangu. Kilikuwa kiburi, ndugu zangu, wala sikitafutii jina jengine.

Alirejea tarehe 27 Februari, akaukuta mwangati kijani kama alivyouacha, akanisifu mbele ya wageni waliokuja kunywa maji ya Zamzam, akisema, "Khatib kauweka nti wangu kuliko mie nnavyouweka," nami nikainamisha kichwa nikala tende. Wala sikujua kwamba mwangati ukifa hausemi, majani yake hubaki kijani miezi mitatu, minne, na huku mizizi imeshaoza, na kaka yangu aliumwagilia maji mti maiti Machi yote na Aprili yote, na katikati ya Aprili akaupogoa, akatoa matawi matatu. Mwezi wa Juni ukageuka rangi ya kutu, na mti uliokaa naye miaka ishirini na tatu ukawa kuni. Alilia, nilimuona. Akasema mbele ya watu kwamba ameuua yeye, kwa kupogoa kwa pupa, na tokea hapo kila aliyekuja kujifunza uani pale alipewa somo hilo kwanza kabla ya kushika mkasi, "Msiwe na pupa, mie niliuua mwangati kwa mkono wangu huu," akiuinua mkono wa kulia. Nilikuwepo, nilisikia, mara mia, nikanyamaza. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio changu ndicho hiki.

Kuanzia mwaka ule marehemu alinitaka nije kila Jumamosi, na mimi bila ya kujua kwa nini nikawa naja, kutoka Mtambile mpaka hapa, miaka ishirini na miwili, tukibadilisha vyungu pamoja, yeye akikata, mimi nikishika. Mwaka 2005, tulipoupindua mkwaju mmoja, nikaona tena nyuzi zile nyeupe, nikanyoosha mkono kuchukua maji, naye akaniwekea mkono wake juu ya wangu akasema taratibu, bila ya kunitazama, "Huu si ukungu mbaya, Khatib, hii ndiyo riziki ya nti," na masikio yangu yakawaka moto, nikadhani kayasema kwa bahati tu, hajui kitu.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2011, akafundisha watu nyumbani kwake bila ya kujali mwanamme au mwanamke, na mwanafunzi wake bora, na hapa simpendelei mtoto wa kaka yangu, ni Nahla, ambaye sasa anapogoa kuliko alivyopogoa baba yake, na marehemu mwenyewe alilikiri hilo huku akinuna.

Mwezi wa Septemba 2024 alianza kuvimba miguu, akapelekwa hospitali hapa Chake Chake, kisha Unguja, kisha Dar es Salaam, na madaktari wakasema figo zake zilikuwa zimechoka muda mrefu, wakati sisi tunamuona anapanda ngazi na kubeba vyungu, na mimi bwana afya niliyekaa naye kila wiki sikuona kitu, na limeniuma, nalisema wazi. Alirudi nyumbani mwezi wa Aprili kwa kutaka mwenyewe, akasherehekea nasi Sikukuu ya Mfunguo Tatu akiwa amekaa kitini uani, na siku sita baadaye, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, roho yake ikatoka akiwa na umri wa miaka sabini na nne, tukamzika Mtambile siku ile ile baada ya sala ya Adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jana Ijumaa nilikwenda kwa Bi Mize kuhakikisha tarehe, mimi nikiwa ukumbini, yeye chumbani, na Nahla mlangoni baina yetu, na nilipofika mwaka 2003 kalamu ikasita, nikamwambia yote, kama nilivyowaambia nyinyi. Akasema, "Shemegi, kaka yako alijua tokea siku ile alipoung'oa nti uliokufa. Kakuta kinongo chekundu, na hapa Gombani kinongo kile hakuna. Kakuta mizizi imesuguliwa. Kaniita, kanionesha, kisha kanambia, Mize, nti nshaukosa, sitaki kumkosa na Khatib."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, majirani waliofunga turubai na kupika tokea Alhamisi mpaka leo, wafanyakazi wenzake wa Misitu waliokuja na miche mia ya kutoa sadaka, na vijana waliochimba kaburi kabla ya kuombwa. Miti iliyobaki ataitunza Nahla, na mpaka eda itakapokwisha maji anayamwaga Bi Mize.

Kwa ada yetu, hapa ndipo msemaji huwaomba watu wamsamehe marehemu aliyowakosea, nami nawaombeni, msameheni Haroub, alikuwa na hasira za asubuhi na alichelewa kila harusi. Lakini liko jambo moja msimsamehe, kwa sababu hakulifanya. Nyote mliofundishwa naye kwamba aliuua mwangati kwa pupa ya mkasi, lifuteni jina lake katika somo lile, muweke langu, na mukawafundishe wengine hivyo hivyo, kwamba ni Khatib aliyeosha mizizi, akanyamaza, akaacha mtu mwengine alie kwa niaba yake. Pumzika, kaka Haroub, mzigo ulionibebea nimeupokea.