Papa Byamungu, Aliyechora Nyumba ya Wamalay

Sylveri Byamungu, ambaye sisi tunamwita Papa, yaani Baba, Byamungu, aliingia katika ofisi yetu ya usanifu majengo hapa Louisville mwezi Machi 2000. Anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Septemba 2016. Kwa miaka hiyo kumi na sita na nusu, ofisi imemwandalia keki na karatasi ya mistari mitatu ya Kiingereza inayomwita msaidizi mwaminifu. Mimi nimekaa meza ya pili kutoka kwake miaka tisa, na nimekataa mistari hiyo iwe ndiyo yote. Ndiyo maana naandika katika programu hii ya sherehe yetu ya kanisani.

Kwao Bukavu alikuwa seremala mwenye karakana yake. Hapa aliajiriwa kufagia. Mwaka wa pili, asubuhi ya kikao, kielelezo cha shule, yaani kile kijumba cha kadibodi tunachomwonyesha mteja, kilivunjika paa. Alikitengeneza kabla wakubwa hawajamaliza kulaumiana. Tangu hapo vielelezo vyote vikawa vyake, na baadaye michoro ya kompyuta, aliyojifunza akiwa na miaka hamsini na miwili. Hupima kwanza kwa shibiri, ndipo achukue rula, na sijaona rula ikimkosoa.

Mwaka 2014 Wamalay wa Columbus, Ohio, familia zilizotoka Malaysia na Singapore, walitaka kituo cha utamaduni mtaani Linden: jengo la kisasa, lakini ambalo wajukuu wao wangetambua ndani yake nyumba za mababu. Mbunifu wetu mkuu aliwachorea sanduku la vioo, akaliwekea paa lililochongoka na kubandika maua mlangoni. Mwenyekiti wao, Puan, yaani Mama, Rokiah, alisema kwa adabu kwamba limevalishwa nguo za kuazima.

Papa Byamungu, aliyekuwa ameleta kielelezo tu, alimuuliza nyumba ya bibi yake ilikuwaje: mgeni aliketi wapi, upepo uliingilia wapi. Hakuna mwingine ofisini aliyewahi kumuuliza. Walizungumza kwa muda wa karibu saa mbili. Mama huyo alieleza nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, baraza la wageni mbele, jiko nyuma, na mbao zilizonakshiwa kwa matundu ya kupitisha hewa.

Tatizo lilikuwa baridi ya Ohio. Nyumba iliyo wazi chini, mabomba yake yangeganda. Papa alitengeneza vielelezo kumi na kimoja katika wiki sita. Mwishowe aliinua jengo juu ya nguzo za chuma, akakusanya mabomba yote ndani ya kiini kimoja cha matofali katikati, akaweka ukuta wa vioo ndani na mbao za nakshi nje. Paa lenye mwinuko mkali, ambalo kule kwao Wamalay humwaga mvua, hapa linamwaga theluji.

Kituo kilifunguliwa Oktoba 2015. Bamba la mlangoni lina majina manne. La kwake halimo. Mmoja wa hao wanne alifika Linden mara moja tu, siku ya kupigwa picha. Aprili iliyofuata jengo lilipata tuzo huko Buffalo. Watu watatu wa ofisi walipanda ndege, naye akaachwa Louisville akigundisha kielelezo cha maegesho ya magari.

Nilikwenda kwa mkuu wetu kuuliza. Nikajibiwa kwamba Byamungu hana leseni. Lakini leseni ni ya kupiga mhuri kwenye michoro. Jina ni la aliyefanya kazi. Nilipomwambia Papa kwamba nitaandika barua, hakuinua hata kichwa: "Bon, waandike jina yangu ao wasiandike, maji haitaingia mu ile nyumba."

Mimi sikuridhika, na leo bado siridhiki.

Kule Buffalo, Puan Rokiah aliitwa jukwaani aishukuru ofisi. Alisema, "Mtu aliyechora nyumba yetu hayumo ukumbini." Kisha akataja jina lake mara mbili, polepole. Hata hivyo bamba halijabadilishwa mpaka leo. Lakini ukumbini walikuwemo Wamalay wa Buffalo, wanaotaka kugeuza kiwanda cha mikate kilichofungwa, mtaani Lower West Side, kuwa kituo chao. Hawakupigia simu ofisi. Walipiga nyumbani kwake, na mkewe, Mama Leya, akawakatia simu mara mbili akidhani ni wauza bima.

Sasa mapatano yametiwa saini. Msanifu mwenye leseni atapiga mhuri, na kila karatasi itaandikwa: Mbunifu, Sylveri Byamungu. Nilikuwepo alipoandika karatasi ya kwanza. Aliandika jina lake kwa penseli, akalitazama, akalifuta, akaliandika upya kwa herufi kubwa zaidi.

Papa Byamungu, asante kwa kutufundisha kumuuliza mteja kwanza. Nenda Buffalo na Mama Leya mkiwa na afya na makoti mazito, na miaka iliyo mbele yenu iwe ya furaha.

Kavugho, chumba cha michoro