Njia ya Tisa ya Marehemu Anselme Amirault

Padre wetu, ndugu, majirani, na ninyi wahesabu ndege ambao hata kanisani mmekuja na darubini shingoni, kwa niaba ya familia anayesimama mbele yenu ni Ulysse, mdogo wake marehemu, kuwasomea maisha ya kaka yake kama yeye Ulysse alivyoyaandika kwa mkono wake, akisaidiwa tarehe na Mireille, binti wa marehemu.

Marehemu Anselme Amirault alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 hapa hapa Anse-Rosaire, Nova Scotia, mtoto wa kwanza wa mzee Théophile Amirault, fundi wa mapipa ya samaki, na mama Philomène, na baada ya miaka minne akafuatiwa na Ulysse, na hapo uzazi ukakoma, kwa hiyo walikuwa wawili tu, kitanda kimoja, blanketi moja, na jozi moja ya viatu vya theluji waliyoivaa kwa zamu, ingawa zamu ya mkubwa ilikuwa na tabia ya kurefuka.

Alisoma shule ya masista kuanzia Septemba 1953 hadi Juni 1962, ambako hesabu zilimshinda na kuimba kulimshinda zaidi, lakini alichora ramani ya kijiji chote, nyumba kwa nyumba, akiweka msalaba mwekundu penye kila mbwa mkali, na Sista Mkuu akaitundika ukutani, ikakaa pale miaka mingi hata baada ya mbwa wenyewe kufa.

Tarehe 2 Aprili 1968 aliajiriwa kuwa mpeleka barua, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na moja hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009, na katika muda wote huo hakuna bahasha aliyoitia kwenye sanduku lisilo lake, na kwa kupita milangoni kila siku alijua ni nani anaandikiwa na wanawe na ni nani haletewi kitu ila matangazo ya maduka.

Tarehe 6 Julai 1974 alifunga ndoa katika kanisa hili na Odile Pothier, mwanamke mcheshi aliyemshinda urefu, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Mireille, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1977 na ambaye sasa anaishi na kufanya kazi Alberta.

Mwaka 1979 marehemu alikubali kuwa mpangaji wa hesabu ya ndege ya Krismasi, ile siku moja ya Desemba ambayo watu hutembea njia walizopangiwa wakihesabu kila ndege wanayemwona, akatandika ramani juu ya meza ya jikoni, akachomeka ncha ya bikari juu ya mnara wa kanisa hili, akazungusha duara la kilomita ishirini na nne kutoka ukingo hadi ukingo, akaligawa njia tisa, na tangu hapo kila Novemba Odile alijua kwamba kwa wiki mbili watakula wamepakata sahani, kwa sababu meza imekwisha kutwaliwa na ndege. Sheria yake ilikuwa watu wawili wawili kwa kila njia, asije mtu akateleza kwenye barafu peke yake, na wengi wenu mlidhani anawapanga kwa uhodari wa macho, kumbe aliwapanga kwa kufuata masanduku ya barua, yule wa matangazo ya maduka akimfunga pamoja na mwenye maneno mengi, na ndiyo maana baadhi yenu mmelalamika miaka yote kwamba Fidèle Surette anawafukuzia ndege kwa mdomo wake.

Tarehe 20 Desemba 2003 ndipo palipoharibika, na jambo hili familia hailifichi, kwani jioni ile wahesabu walipokusanyika ukumbini kula na kujumlisha hesabu, nyote mlikuwepo. Asubuhi ya siku hiyo marehemu alihesabu bata bukini mia nne na kumi na wawili kinamasini, saa tatu na dakika ishirini, na mdogo wake, aliyekuwa njia ya jirani, akahesabu bata bukini mia nne na kumi na wawili ghubani, saa tatu na dakika hamsini, na jioni, marehemu alipolinganisha saa kama ilivyo kazi ya mpangaji, alichukua penseli akaikata hesabu ya mdogo wake mbele ya watu, akasema, "Hawa ni wale wale wangu, wameruka tu," na mdogo wake akasimama na kijiko mkononi akasema, "Mimi nimehesabu kwa macho, wewe unahesabu kwa ramani," na marehemu akamuuliza, "Haya, niambie walitokea upande gani," na mdogo wake, ambaye kwa macho hayo hayo alikuwa amewaona wakitokea kinamasini, akavaa koti lake akaondoka.

Kuanzia mwaka uliofuata marehemu alipanga njia kwa namna ambayo upana wote wa duara uliwatenganisha, mdogo wake akawekwa njia ya pili kule kaskazini, pamoja na Fidèle, na marehemu mwenyewe akachukua njia ya tisa pamoja na Odile, kule Pointe-Grise, upepo mtupu na mawe, na huo ndio mpaka pekee kwenye ramani ile ambao haukuwekwa kwa ajili ya ndege. Odile hakuchoka kumsihi shemeji yake, "Mpigie kaka yako, Ulysse, simu haing'ati," naye akijibu, "Si ndiye mpeleka barua, aniletee," na kwa kweli marehemu aliiletea nyumba ile barua zake kila siku ya kazi kwa miaka mitano na nusu, akizitia sandukuni bila kupiga honi, huku mdogo wake akimtazama kutoka nyuma ya pazia mpaka gari lipinde kona.

Tarehe 14 Februari 2011 Odile alifariki, na Desemba iliyofuata watu walipomwambia marehemu, "Anselme, sheria ni wawili wawili, wewe uko na nani?" aliwajibu, "Sheria niliitunga mimi, niacheni niivunje mimi," akaitembea njia ya tisa peke yake mwaka ule, na mwaka uliofuata, na mingine yote, akirudi na majina machache, shakwe, kunguru, mara moja bundi mweupe, na hakuwa na mtu wa kumwambia "umemwona yule?"

Tarehe 9 Oktoba 2023 marehemu aliambiwa na daktari kwamba ana saratani ya kongosho na kwamba muda ni mfupi, hakumwambia mtu, hata Mireille, na Novemba ilipofika akatandika ramani mezani, sasa ikiwa haimsumbui yeyote, akapanga hesabu yake ya arobaini na tano, na tarehe 5 Desemba akazitia posta barua za kuwajulisha wahesabu njia zao, njia ya pili akiwaandika Fidèle na Yvonne Boudreau, na njia ya tisa akiandika Anselme na Ulysse, wakutane kwenye daraja la Pointe-Grise saa moja na nusu asubuhi. Siku ya hesabu, Jumamosi tarehe 16 Desemba, marehemu aliwahi darajani, lakini kwa bahati mbaya barua ya mdogo wake ilichelewa kufika, kwa hiyo

Ndugu zangu, naomba nikome hapo. Sentensi hii sikuiandika mimi. Hapa niliacha nafasi, na Mireille, kwa huruma yake, ameijaza jana. Asante, mwanangu, lakini baba yako alikuwa mpeleka barua, siwezi kusimama mbele ya jeneza lake nikasema barua imechelewa.

Ilifika Alhamisi tarehe 7. Niliisoma, nikaliona jina lake na jina langu kwenye mstari mmoja, nikajiambia mzee amekosea. Nikaenda njia ya pili kama kawaida. Fidèle aliponiona alicheka, akasema, "We Ulysse! Barua yangu inasema niko na Yvonne, wewe umefuata nini huku?" Nikamwambia, "Twendeni bwana, baridi." Basi nilijua kwamba mzee hakukosea. Tulihesabu watatu, na mimi sikumbuki ndege hata mmoja.

Gérald, anayeendesha gari la kusukuma theluji, ameniambia juzi kwamba alipita darajani saa mbili akamkuta kaka amesimama, akapita tena saa nne na robo akamkuta bado, ameegemea chuma. Akashusha kioo, akamwambia, "Mzee Anselme, panda, utaganda hapo." Kaka akamwambia, "Namngoja Ulysse, leo tuna njia yetu."

Jioni ukumbini alisoma fomu kama kila mwaka. Njia ya tisa, mwangalizi mmoja, kilomita moja na nusu. Njia ile ni kilomita saba, na mnajua. Mimi nikainamia sahani ya viazi. Alinitazama kidogo, bila ubaya wowote, akaendelea na kunguru.

Naendelea kusoma.

Tarehe 8 Januari 2024 marehemu alilazwa hospitali ya wilaya, tarehe 26 Mireille alifika kutoka Alberta, akampigia simu mdogo wa marehemu akasema, "Baba mdogo, njoo, baba hajiwezi," na ndiyo mara ya kwanza mdogo wake kusikia kwamba anaumwa, akaenda Jumapili tarehe 28, na marehemu akafumbua macho, akamuuliza kama barabarani kuna barafu, akaambiwa ipo kidogo, akasema, "Basi urudi polepole," kisha akalala, na mdogo wake, aliyekuwa na maneno ya miaka ishirini mdomoni, akaona amwache apumzike, atayasema kesho, na kesho yake, Jumatatu tarehe 29 Januari, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mdogo wake akiwa bado anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, marehemu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, miezi kumi na siku ishirini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, majirani waliosafisha theluji mlangoni kwake bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa posta waliobeba jeneza, akina mama wa parokia kwa chakula, wahesabu ndege wote wa njia zote tisa, na kwa namna ya pekee Gérald, aliyeshuka garini siku ile akammiminia chai ya moto na kusimama naye pale dakika kumi, jambo ambalo halikuwa la Gérald kulifanya.

Upumzike kwa amani, kaka yangu. Usimngoje mtu tena.